Kitabu Kikuukuu ni Amana, si Karatasi ya Karanga

Mwisho wa juma ukikaribia, watu huulizana ni arusi ya nani, mpira unachezwa wapi, na samaki gani wameingia. Ni wachache mno wanaoulizana: wewe Jumamosi hii unasoma nini? Leo nataka kulijibu swali hilo kwa ajili ya msomaji wa Pwani ya kusini, hususan yule aliye Kikoneni na vitongoji vyake, ambaye kwake duka la vitabu ni safari ya kutwa nzima. Wala sitamtajia vitabu vinavyong'aa nyuma ya vioo vya maduka ya Nairobi. Nitamtajia vitabu vikuukuu, vilivyokwisha kusomwa na mtu mwengine, vikakunjika pembe na kuingia rangi ya manjano. Hivyo ndivyo vilivyo karibu naye, na hivyo ndivyo vinavyopotea kila siku mbele ya macho yetu.

SAFARI YA KITABU

Kikoneni iko bara kidogo ya Msambweni, katika nchi ya minazi, mikorosho na miembe, na watu wake wengi ni wakulima. Kijana wa hapo akitaka riwaya au diwani, hana budi kuteremka hadi barabara kuu itokayo Lunga Lunga, apite Msambweni, apite Ukunda, afike Likoni avuke maji kwa feri, kisha ndipo aanze kuulizauliza mjini Mombasa. Njiani atapita maduka yaliyoandikwa juu ya mlango kwamba yanauza vitabu. Akiingia ndani atakuta madaftari, kalamu, rula na vitabu vya darasa. Ni vitu vya maana, sivikatai, lakini mtu hasomi kitabu cha hesabu Jumapili jioni akiwa amejinyoosha mkekani.

Hapo Ukunda kuna jambo la kuchekesha. Wageni wanaokuja kupunga upepo katika mahoteli ya Diani huja na vitabu vyao, wakavisoma ufuoni, na siku ya kuondoka wakaviacha ili kupunguza mizigo. Kwa hiyo si ajabu ukachakura rundo la mitumba ukamwona Agatha Christie kwa Kijerumani, mchanga ungali katikati ya kurasa, na usimwone Shaaban Robert hata mmoja. Na Shaaban Robert si mgeni wa mbali. Alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, karibu na Tanga, ng'ambo tu ya mpaka huu wetu wa Lunga Lunga.

Mombasa mambo ni afadhali kidogo. Wako wachuuzi wanaotandika vitabu chini kando ya njia, na mnunuzi huchutama akapekua. Nairobi biashara hiyo ni kubwa zaidi, khasa pande za Tom Mboya Street, na watu wa huko wameipa jina lake: huyaita maduka hayo "inama", kwa kuwa bila ya kuinama hupati kitu. Dar es Salaam nako, barabara ya Samora imekuwa na wauza vitabu wa aina hiyo kwa miaka mingi. Mtu asiyajue maduka hayo akayadharau. Kitabu kipya kimekuwa kizito kwa mfuko wa mkulima, na sheria ya kodi ya mwaka 2013 iliyotoza vitabu asilimia 16 haikuupunguza uzito huo. Inama ndiyo maktaba ya asiye na pesa.

KWA NINI HAVIKO MADUKANI

Huenda msomaji akauliza: kama vitabu hivyo ni vizuri hivyo unavyosema, mbona havipigwi chapa vikajaa madukani? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina historia.

Vitabu vingi vilivyowalea baba zetu vilitoka katika mikono ya East African Literature Bureau, shirika lililoanzishwa mwaka 1948, makao yake yakiwa Nairobi. Shirika hilo lilikuwa likitafuta waandishi, likifanya mashindano ya kuandika, na kuvitoa vitabu kwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, nalo likavunjika. Hapa Kenya kazi yake ikarithiwa na Kenya Literature Bureau. Lakini soko lililokuwa moja likakatwa mapande, na kitabu cha Unguja kufika Kwale kikawa kama mgeni anayehitaji pasipoti.

Jambo la pili ni kwamba mpiga chapa ni mfanyabiashara, naye hupiga kile ambacho shule zitanunua. Kitabu kikiwekwa katika mtihani, huchapwa kwa maelfu. Kikitolewa katika mtihani, hutoka pia katika mashine. Ndiyo maana ukifika kwa mchuuzi yeyote utaona *Utengano* cha Said Ahmed Mohamed na *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora vimepangwa kama matofali. Watahini waliviacha, na watoto waliomaliza navyo wakaviuza. Hiyo ni neema kwa msomaji, maana riwaya nzuri ataipata kwa bei ya nauli fupi. Lakini diwani ya mashairi, kisa cha masheikh, au kitabu cha lahaja, ambacho hakikupata kuingia mtihani au kiliingia mara moja tu, hicho hakina matofali. Kinazo nakala chache zilizochapwa zamani. Zikiisha, kimekwisha.

NILIYOYAONA KWA MUUZA KARANGA

Nilipokuwa Kikoneni nilinunua karanga kwa kijana mmoja aliyeweka meza yake kando ya njia. Alizifunga katika karatasi iliyopindwa kama koni, na karatasi yenyewe ilikuwa na mashairi. Nikamuuliza:

"Mwanangu, karatasi hizi umezitoa wapi?"

"Za marehemu mwalimu, Ami. Wajukuu wake walikuwa wahama, wakaniambia nichukue sanduku zima niwapishe nafasi."

"Na hizo ulizoziweka kando, juu ya debe?"

"Hizo za Kiarabu, Ami. Hizo sifungii kitu. Naogopa."

Nikamwambia Mwenyezi Mungu amjazi kheri kwa adabu yake, nikaomba nizitazame. Herufi zilikuwa za Kiarabu kweli, lakini maneno ni Kiswahili: fulani adaiwa nazi mia mbili, fulani amelipa mia, fulani amebakisha. Ilikuwa hesabu ya nazi. Na ile karatasi niliyofungiwa karanga, ya herufi za Kizungu zilizopigwa chapa, ilikuwa ukurasa wa kwanza wa utenzi. Ulianza kama zinavyoanza tendi zetu, kwa kulitaja jina la Mola na kumsalia Mtume. Jina la kitabu lilikwisha kuchanika.

Kijana yule hakukosa adabu. Aliheshimu alichofundishwa kukiheshimu. Chuoni alifundishwa kwamba karatasi yenye herufi za Kiarabu haikanyagwi wala haitupwi, na mafundisho hayo yamemkaa. Hakuna aliyemfundisha kwamba jina la Mola ni lile lile hata likiandikwa kwa herufi za Kizungu, na kwamba ilimu ya wazee wake iliingia katika vitabu vya chapa kama ilivyoingia katika hati za mkono. Wala hesabu ya nazi si kitu cha kutupwa. Mtu anayetaka kujua watu wa nchi hii waliishi vipi kwa mnazi, nani alimkopesha nani na kwa bei gani, hapo ndipo pa kuanzia.

Tulielewana. Nilimletea magazeti makuukuu, kurasa za michezo na za matangazo, mzigo kwa mzigo, naye akanipa yaliyosalia sandukuni. Gazeti la jana ndilo lililoumbiwa kufungia karanga, nami mwandishi wake nasema hivyo bila haya. Katika mabaki hayo mlikuwamo nusu ya hadithi ya Bwana Msa, sarufi moja isiyo na mwanzo wala mwisho, na diwani iliyokosa jalada. Nilipoitambua diwani hiyo, nilikaa kimya. Ilikuwa *Malenga wa Vumba*.

VILIVYOOKOKA KWA MKONO WA MTU MMOJA

Msomaji asidhani nalia kwa ajili ya karatasi. Fasihi yetu ya Pwani imepita zaidi ya mara moja katika tundu la sindano, ikaokolewa na mkono wa mtu mmoja.

Muyaka bin Haji, bingwa wa Mombasa aliyefariki karibu na mwaka 1840, hakuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika vikaratasi. Miaka kadhaa baadaye Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka, akishirikiana na padri wa Kiingereza W. E. Taylor aliyekuwa akipenda sana Kiswahili cha Mvita. Mwalimu Sikujua alifariki mwaka 1890. Kutokana na kazi yao, diwani ya Muyaka ikapigwa chapa mwaka 1940 kwa uhariri wa William Hichens, na mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akaitolea kitabu kikubwa. Lau mwalimu yule mmoja angaliona uvivu, leo tungalikuwa na jina la Muyaka tu, bila ya maneno yake.

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia bintiye Mwana Hashima. Alikuwa mgonjwa, na hakujua kama mwanawe angekulia mikononi mwake. Utendi huo haukupigwa chapa zama zake. Uliishi kwa sababu watu waliunakili kwa mkono, na wanawake wakausoma majumbani, mama akampa mwana na mwana akampa mwanawe.

Na Abdilatif Abdalla, huyu wa zama zetu, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya karatasi aliyoiandika, *Kenya: Twendapi?* Akakaa gerezani miaka mitatu, peke yake chumbani. Hakuwa na daftari. Mashairi yake aliyaandika katika karatasi za chooni, akazificha. Mwaka 1973 yakatoka kwa jina la *Sauti ya Dhiki*, na mwaka 1974 yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Hebu lipime jambo hili. Mfungwa alichukua karatasi duni kuliko zote akaifanya kitabu. Sisi tulio huru tunachukua kitabu tukakifanya karatasi.

VYA KUSOMA JUMAMOSI NA JUMAPILI

Basi ukienda kuchakura, au ukilifungua sanduku la babu, hivi ndivyo ambavyo mimi ningalivitafuta. Sikuvipanga kwa ubora. Nimevipanga kwa namna mtu anavyoweza kuvisoma, kuanzia chepesi.

Kwa anayetaka kuanza taratibu, kuna *Mzimu wa Watu wa Kale* cha Mohamed Said Abdulla wa Unguja. Kilishinda katika mashindano ya lile shirika la vitabu niliyolitaja, kikatoka mwaka 1960. Mtu ameuawa, watu wanasingizia mambo ya mizimu, naye Bwana Msa na kiko chake mdomoni anakataa kuamini isipokuwa akili yake. Nakipenda kwa vijana wetu wa kijijini khasa kwa sababu hiyo. Kinamfundisha mtu kuuliza "ushahidi uko wapi?" kabla ya kumnyoshea jirani kidole. Na Kiswahili chake ni kile cha barazani, kinateleza.

Kwa anayetaka kusafiri bila ya nauli, achukue *Siku Njema* ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana wake ni mtoto wa Tanga, mamake ni mwimbaji wa taarabu, naye akavuka kuja Kenya kumtafuta babake ambaye hakupata kumjua. Kwa mtu wa Kwale, ambaye ana shangazi upande huu wa mpaka na ami upande ule, safari hiyo ataielewa bila ya kufafanuliwa. Walibora alifariki Aprili 2020. Riwaya hii ilipata kuwa kitabu cha mtihani, kwa hiyo ni katika yale matofali, na mwenye subira haikosi.

Kwa dada zetu na mama zetu, na kwa wanaume wasioona haya kujifunza, kuna *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert. Ni maisha ya mwanamke wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu kuviuza, akajaaliwa sauti. Mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kutia sauti hiyo katika santuri. Ni kitabu chembamba, kinakwisha kwa kikao kimoja baina ya adhuhuri na alasiri.

Kwa mpenda mashairi, hii *Malenga wa Vumba* ya Boukheit Amana, iliyotolewa na Oxford University Press mwaka 1982. Ndugu zake rafuni ni *Malenga wa Mvita* ya Ahmad Nassir Juma Bhalo, ya mwaka 1971, na hiyo *Sauti ya Dhiki*. Mombasa ina malenga wengi na kila mtu anawajua. Lakini Vumba ni huku kwetu, Vanga na Wasini na Vumba Kuu ya kale. Zamani mtawala wa Wavumba akiitwa Diwani. Diwani yule wa kilemba hayupo tena. Diwani waliyobaki nayo watu wa Vumba ni hii ya karatasi, na mimi niliikuta kwa muuza karanga.

Kwa anayependa dini pamoja na historia, atafute *Uwongozi* wa Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui. Sheikh huyu, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, ndiye aliyetoa gazeti la *Sahifa* mwaka 1930 na *Al-Islah* mwaka 1932. Makala zake zilikuwa zikiwakemea Waislamu wa Pwani kwa uvivu wa elimu, kwa israfu ya maarusi na kwa kuiga bila ya kufikiri. Mtu akizisoma leo atadhani zimeandikwa juzi. Pamoja nacho kuna *Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika* cha Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, yule aliyetufasiria Kurani kwa Kiswahili mwaka 1969. Humo utasoma nani alisoma kwa nani, na nani alikwenda wapi kutafuta ilimu. Ukikisoma utaona kwamba masheikh wetu walikuwa na nasaba mbili, moja ya damu na moja ya vitabu.

Kwa mwanafunzi wa lugha, kuna vijitabu vya H. E. Lambert kuhusu lahaja za pwani yetu ya kusini, Kivumba cha mwaka 1957 na Kichifundi cha mwaka 1958. Vimeandikwa kwa Kiingereza, lakini lugha aliyoikusanya ni ya bibi zetu. Na Mdigo asisahauliwe: mwaka 2004 ilitoka *Mgombato*, kamusi ya Kidigo, Kiingereza na Kiswahili. Mtoto wa Kikoneni akiona lugha anayosema na nyanyake jikoni imepangwa kialfabeti kama Kiingereza, kichwa chake hukaa vyema juu ya mabega.

Na kwa anayesisitiza kwamba lazima kiwe kipya, haya. Abdulrazak Gurnah, mtoto wa Unguja, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 ikafika kwetu kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la *Peponi*, kwa fasiri ya Ida Hadjivayanis. Akinunue mwenye uwezo, akisome, kisha akiache kiwe kikuukuu mikononi mwa wengine.

ADABU ZA KUCHAKURA

Kununua kitabu kikuukuu kuna adabu zake, kama kununua mbuzi.

Kwanza, usikitazame jalada. Kifungue ukurasa wa mwisho. Vitabu hufa kutoka pande mbili, na kisa kisicho na mwisho ni kama chai isiyo na sukari. Kisha hesabu namba za kurasa katikati, maana watahiniwa wana tabia ya kuchana wanachokitaka. Halafu kipige kidogo juu ya kiganja. Ukiona unga unadondoka, kuna wadudu ndani, na ukikitia sandukuni utakuwa umewaalika wakale na vingine. Kianike kivulini, kisiwe juani moja kwa moja.

Pili, tazama muhuri. Kitabu chenye muhuri wa maktaba au wa shule, na hakuna alama ya kwamba kimeondolewa kwa ruhusa, huenda kimetoka kwa njia isiyo halali. Bei yake itakuwa ndogo, lakini kitu cha wizi hakihalaliki kwa kuwa rahisi. Ukikiweza, kirejeshe kwa wenyewe. Kadhalika na zile nakala zinazopigwa chapa kwa siri, karatasi nyembamba na maandishi yaliyofifia. Hizo zinamla mwandishi jasho lake, na wengi katika waandishi wetu hawakupata kushiba.

Tatu, usilipie neno "nadra". Mchuuzi akiona macho yako yamemetameta, bei hupanda papo hapo. Chukua vitabu vitatu, ukitakacho ukiweke katikati, uulizie cha juu.

Nne, soma jina lililoandikwa ndani. Mara nyingi kuna jina la mwenyewe na tarehe, au "Nampa rafiki yangu". Mwombee. Huenda ni marehemu, na wewe ndiye uliyeletewa amana yake.

Na tano, ukikuta katika rundo kurasa za msahafu, za juzuu au za vitabu vya dini zilizochakaa hata hazisomeki, zitoe humo. Wanavyuoni wametufundisha namna ya kuziaga kwa heshima, ikiwa ni kuzizika mahali safi pasipokanyagwa au kuzichoma. Muulize maalimu wa karibu nawe. Lakini kama zinasomeka, na khasa kama ni hati za mkono, usizizike wala usizichome kabla hajazitazama mtu ajuaye. Katika miaka ya 1960 J. W. T. Allen alizunguka Pwani akikusanya hati za Kiswahili na Kiarabu kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na alizozikuta zilikuwa majumbani mwa watu wa kawaida tu. Hakuna ajuaye masanduku ya Kikoneni, Majoreni na Vanga yana nini mpaka yafunguliwe.

WAKFU WA VITABU

Sasa nije kwenye shauri langu. Wazee wetu walikuwa na dawa ya ugonjwa huu, nayo si serikali wala si wafadhili. Waliweka vitabu wakfu. Mtu akinunua au akinakili kitabu, huandika ndani kwamba amekiweka wakfu kwa ajili ya wanaotafuta ilimu, hakiuzwi, hakirithiwi, hakipewi mtu kikawa chake. Lamu, katika Msikiti wa Riyadha, zimehifadhiwa hati za namna hiyo, na katika miaka ya 2010 zilipigwa picha kwa msaada wa Maktaba ya Uingereza ili zisomwe na watu wa mbali. Maneno yale machache ya wakfu ndiyo yaliyozuia wajukuu wasigawane kitabu kama shamba la minazi.

Kitu gani kinatuzuia kufanya hivyo Kikoneni leo? Haihitajiki nyumba. Linahitajika kabati moja lenye kufuli, chuoni au katika baraza ya msikiti, daftari moja la kuandika nani amechukua nini, na kijana mmoja mwaminifu wa kulishika. Kila nyumba ikitoa kitabu kimoja tu kutoka chini ya kitanda, kabati litajaa kabla ya mwezi wa Ramadhani. Mwenye watoto mjini awaagize wakija Idi waje na kitabu pamoja na kanzu mpya. Wageni wakiacha vyao Diani, hivyo navyo viletwe, hata vya Kijerumani, vibadilishwe kwa vyetu.

Mwenye sanduku na aseme maneno yake angali hai. Asingoje wajukuu wahame nyumba. Tumesoma sote chuoni kwamba ilimu yenye manufaa ni katika mambo matatu yasiyokatika mtu anapokufa. Kitabu kilichofungiwa sandukuni hakimnufaishi mtu. Kitabu kilichoazimwa mara hamsini, kikapoteza jalada na kushonwa kwa uzi wa gunia, hicho kingali kinamwandikia mwenyewe thawabu.

Nami kwa kuwa ni mtunga mashairi kabla ya kuwa mwandishi wa gazeti, naaga kwa ubeti mmoja:

Kitabu kikichakaa, hakizeeki maana,
Na kipya chenye kung'aa, ndani huenda hamna,
Kisome, mpe jamaa, naye ampe kijana,
Ilimu ni kama taa, huzidi kwa kupeana.